Bwana Harusi Aliyevundikwa Handakini

Reli ya Ngara imepimwa mara nyingi kuliko mgonjwa wa presha. Tangu nikiwa mdogo naona watu wenye kofia ngumu wanakuja na darubini zao za miguu mitatu, wanachungulia vilima, wanapigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu, wanakunywa soda zetu zote na kuondoka. Vigingi vinageuka kuni. Baada ya miaka wanakuja wengine, wanashangaa vigingi vimekwenda wapi, wanapigilia vipya. Treni yenyewe hatujawahi kuisikia hata ikipiga honi kwa mbali.

Kwa hiyo nilipoandika kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu wetu wa shule ya jioni kwamba Ngara kuna handaki la reli, nilishambuliwa kama mwizi wa kuku. Mama mmoja fundi cherehani, aliyekuwa akikaa dawati la mbele na kunificha ubao kwa kilemba chake, aliandika: "Wewe ulikuwa unasinzia kipindi cha jiografia, usituletee ndoto zako." Wengine wakaweka vile vichwa vya njano vinavyocheka mpaka machozi. Nikaapa nitawaletea picha.

Mimi ni fundi pancha, pale Lusahunga njia panda, ambako malori ya mpaka wa Rusumo husimama kupumua. Kidato cha nne nilikimaliza jioni kwa jioni, nikiwa na watoto, kitambi, na mwalimu aliyekuwa na umri mdogo kuliko suruali yangu ya kazini. Cheti nimekitundika kibandani juu ya mashine ya upepo, na kuna madereva kutoka Kigali mpaka Dar es Salaam wanaoamini ni leseni ya kuziba matairi. Sijawasahihisha.

Handaki lenyewe lipo, upande wa Nyakisasa. Zamani sana, kabla baba yangu hajaota meno, kampuni fulani ilitoboa kilima ikitafuta madini, ikalaza humo reli nyembamba ya kupitishia vitoroli. Madini hayakupatikana, au yalipatikana yakafichwa, inategemea unamuuliza nani na amekunywa nini. Kampuni ikaondoka. Wanunuzi wa chuma chakavu wakaila reli mpaka pale giza lilipowashinda, na kipande cha mwisho kikabaki ndani kabisa. Mtu anaweza kusema ile ilikuwa reli ya vitoroli tu. Kwa akili yangu ya cheti, vyuma viwili vikilala sambamba juu ya magogo, hiyo ni reli, na shimo lake ni handaki.

Nafasi ya kwenda niliipata kwa sababu nilikuwa mshenga. Rafiki yangu mmoja, dereva wa bodaboda, alikuwa anaoa. Huyu ni Msukuma wa Kaniha, Biharamulo. Wazazi wake walihama kutoka Shinyanga wakifuata malisho, naye alichunga ng'ombe mpaka siku alipogundua kwamba pikipiki haihitaji kupelekwa mtoni. Alimpenda binti wa Kihangaza aliyekuwa akiuza chai na chapati kwa madereva wa malori, binti mwenye ulimi wa kukunyoa bila maji. Nilitumwa kupeleka posa nyumbani kwao. Sifa yangu ya ushenga ilikuwa moja: naongea sana.

Sasa kuna sheria inabidi niieleze, maana bila hiyo utashangaa watu wazima walikuwa wanahangaika na nini. Kwa ukoo wa rafiki yangu, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Akimwona njiani, anaingia porini, hata kama pori lenyewe ni shamba la mtu la mihogo. Kwa familia ya binti sheria ni hiyohiyo, ila wao wameiwekea mlango wa kutokea: siku ya sherehe, mkwe anamvika mama blanketi mabegani mbele ya watu wote, na kuanzia hapo wanaweza kutazamana, kusalimiana, hata kugombana. Kabla ya blanketi, mkwe akiingia machoni pa mama, hana adabu. Na asiye na adabu anarudishiwa ng'ombe wake kwa njia ileile waliyojia.

Na kulikuwa na mtu aliyekuwa anaomba litokee hilo. Shangazi wa binti, dada yake baba, ndiye aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, na hakuitaka posa hii hata kwa kuonjeshwa. Siku ya kwanza nilipofika kuposa, aliniuliza kama huko Kaniha kuna watu au kuna ng'ombe tu. Nikamwambia vipo vyote, kwa wingi. Akasema, "Kwa wingi, enhe. Sasa binti yangu anakwenda kuongeza hesabu ya wapi?"

Basi Jumatano moja, sherehe ikiwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, nilitakiwa kwenda kwa wakwe kuthibitisha mambo madogo madogo: watu wangapi watakuja, nani atasimamia nyama. Rafiki yangu alinipeleka kwa pikipiki. Mpango ulikuwa anishushe mbali, kwenye duka la njia panda, anywe soda yake kwa heshima mpaka nirudi. Tuliondoka Lusahunga asubuhi kwa barabara ile ya malori yenye mashimo ambayo mtu angeweza kufugia kambale, tukakata kushoto kuelekea Nyakisasa, na tulipokikaribia kilima nikamgonga begani.

"Simama. Handaki liko hapo juu."

"Mshenga, tumekuja kwa kazi."

"Kazi ni mchana. Sasa hivi ni asubuhi."

"Na kwa mama ni wapi?"

"Upande wa pili kabisa wa kilima. Huku hapiti mtu tangu Mjerumani aondoke."

Hiyo ya Mjerumani niliiongeza pale pale. Lakini ilimtuliza, tukaficha pikipiki kwenye mikaratusi, tukapanda.

Mdomo wa handaki tuliukuta umefungwa. Mtu alikuwa amepanga magome na majani makavu ya migomba kutoka chini mpaka juu, akakandika udongo. Rafiki yangu aliuangalia ukuta ule kwa macho ya mtu aliyekulia kwenye ugali na maziwa.

"Wanachoma mkaa," alisema. "Tanuri la mkaa liko hivi hivi."

Mimi ni Msubi, nimezaliwa chini ya migomba. Nilipaswa kujua. Lakini kwetu ndizi za pombe huvundikwa kwenye shimo la kawaida nyuma ya nyumba, unatandika majani, unapanga mikungu, unaingiza moshi kidogo, unafukia, unasubiri ziive kwa joto lake. Nani angefikiri kwamba kuna mtu atachukua handaki zima la reli, kazi ya wahandisi, aligeuze chungu cha kuivishia ndizi? Nikamwambia rafiki yangu kwamba ule ni uchafu ulioletwa na mvua. Tukautoboa kwa chini, tundu la kutosha mtu kupita kwa kutambaa, tukaingia.

Ndani kulikuwa na joto la kitandani. Moshi mwembamba ulikuwa unaelea, ukitokea juu kwenye ufa wa mwamba ambako mwanga mdogo ulikuwa unashuka. Na harufu ilikuwa tamu, nzito, ya kukufanya ulewe bila kunywa. Nikawasha tochi ya simu. Kushoto na kulia, juu ya magogo ya reli, mikungu ya ndizi ilikuwa imepangwa kama abiria wa daraja la tatu, imefunikwa majani, mingine ikianza kuwa ya njano mabegani. Jeshi zima lingeweza kulewa kwa ndizi zile, na farasi wake.

"Huu mkaa umeiva," nilisema.

Rafiki yangu hakucheka. "Hizi ni za nani?"

"Za mtu mwenye akili."

"Mshenga. Wiki ijayo, pombe ya sherehe inatoka wapi?"

Hapo ndipo nilipofikiri kwa mara ya kwanza siku ile. Upande wa mama walikuwa wamesema watapika rubisi ya ndizi wenyewe, ya kutosha wageni wote. Hawakusema watazivundika wapi ndizi, na mimi sikuuliza, maana mshenga haulizi mambo ya shimoni.

"Hapana," nilisema. "Huku ni mbali na kwao."

"Mbali kiasi gani?"

Nilikuwa nimeona, pale mwisho, kipande cha reli kilichobaki, vyuma viwili vyembamba vyenye kutu vikiingia chini ya mwamba uliokuwa umebomoka. Nilisahau mkwe, nilisahau mama. Nikapiga picha moja, mbili, zikatoka nyeusi kama chini ya sufuria. Nikawasha flashi ya kamera. Kisha nikaona picha isiyo na mtu haitaaminiwa na yule mama wa kilemba, atasema nimeiokota mtandaoni. Nikaiegemeza simu kwenye jiwe, nikaitega ijipige yenyewe baada ya sekunde chache, nikamvuta rafiki yangu mkono tusimame kwenye reli kama mameneja wa stesheni.

"Tabasamu," nilimwambia.

"Kuna watu nje," alisema.

Kulikuwa na watu nje. Sauti mbili za wanawake zilikuwa zinapanda kilima zikizungumza, na moja niliijua, ni ile iliyoniuliza habari za ng'ombe.

"Wifi, angalia," ilisema sauti ya shangazi. "Wezi wametoboa."

"Sio wezi, mikungu isingebaki," ilijibu ya pili. "Shika majani haya. Naingia."

Ya pili ilikuwa ya mama. Rafiki yangu alitazama kulia, mwamba. Akatazama kushoto, mwamba. Akatazama mwisho wa handaki, mwamba uliobomoka. Wahandisi wale walitoboa mdomo mmoja tu, na mama mkwe alikuwa anaingia nao kwa magoti. Hakukuwa na pori la kuingia. Alijaribu kujibana nyuma ya mkungu, lakini yeye ni mtu mrefu, na mkungu mkubwa kuliko yote duniani usingemfunika kuanzia kifuani kwenda juu.

Mama aliingia, akasimama, akajifuta magoti, akainua uso. Na simu yangu, ambayo hupoteza chaji ninapotaka kupiga kwa daktari na haijawahi kukosea ninapotaka isifanye kazi, ikawaka.

Kwa kufumba na kufumbua handaki zima lilikuwa jeupe. Nilimwona mama, nikamwona rafiki yangu, nikaona wanaonana. Kisha giza likarudi, na ndani ya giza hilo nikasikia kitenge kikivutwa kufunika kichwa, na mtu akigeukia ukutani.

"Kuna nini humo?" shangazi aliita kutoka nje. "Nimeona radi."

Nilikuwa nasikia ng'ombe wa rafiki yangu wakigeuzwa mmoja mmoja njiani kurudi Kaniha.

"Ni mshenga," alisema mama.

"Mshenga? Wetu? Anafanya nini kwenye ndizi?"

"Ndilo ninalomuuliza."

"Yuko peke yake?"

Mama akakivuta kitenge zaidi.

"Yuko na popo," alisema mama.

"Popo wangapi?"

"Mmoja. Ila mkubwa."

Halafu akaongea chini chini, uso wake ukiwa ukutani, kwa sauti ya mtu anayeomba dua kwa mwamba. "Shikamoo yako iko wapi, mshenga?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na nani humu?"

"Nimekuja na mzigo, mama."

"Mzigo wako unahema."

"Ni mzigo mzito."

"Sijauliza, na wewe usinijibu. Mwambie huo mzigo usisogee. Mwambie sijaona kitu, taa yako imenipofusha, na mtu aliyepofushwa hawezi kusema ameona. Umemwambia?"

Rafiki yangu alikuwa mbali nasi kama urefu wa kitanda. Nikamgeukia. "Mama anasema hajakuona."

"Mwambie mama nashukuru," alinong'ona rafiki yangu.

"Anashukuru, mama."

"Nani anashukuru?"

"Hakuna mtu, mama."

"Vizuri. Na hiyo taa yako, imeandika nini?"

Nikachukua simu. Picha ilikuwa pale, na nasema ukweli mtupu, sijawahi kupiga picha nzuri kama ile na sitapiga tena: reli, mikungu, mama amenyoosha kidole kidogo mbele kama anayetaka kuuliza bei, na uso wa rafiki yangu umefunguka kama geti. Ningeishindanisha na picha yoyote ya magazetini.

"Ifute," alisema mama.

"Nimefuta, mama."

"Nitajuaje?"

"Angalia mwenyewe."

"Nikiangalia na kama ipo, nitakuwa nimemwona."

Tulilipima jambo hilo wote watatu. Mwisho mama akaguna, akasema kwamba amefika mahali pabaya sana maishani, mahali pa kuamini neno la mshenga. Niliifuta kweli. Niliifuta na kwenye kapu la vilivyofutwa, na moyo wangu ukaingia humo.

"Sasa nisikilize," alisema. "Wifi yangu akiingia humu, mimi sitaweza kumzuia asione. Na akiona, atasema niliona. Toka na mimi. Tundu tunaliziba."

"Na mzigo?"

"Ndizi hizi zinakaa siku kadhaa na hazijalalamika. Yeye akikaa saa moja atakufa? Hewa ipo, moshi unatokea juu. Na moto nimeuzima jana."

Ndivyo rafiki yangu alivyovundikwa. Mimi nilitoka kwa kutambaa, mama nyuma yangu, na kabla shangazi hajainama kuchungulia, mama alikuwa ameshajaza tundu majani na kunitupia donge la udongo. "Kandika, mshenga, joto linatoka. Pombe ikiharibika ni wewe utakayewaambia wageni." Nilikandika. Nimeziba matairi ya malori mpaka ya magurudumu mia, lakini sijawahi kuziba kitu kwa bidii namna ile, nikijua kilichomo ndani ni bwana harusi.

Shangazi alitakiwa kuondoka hapo. Badala yake akaketi juu ya jiwe, mbele ya ukuta wenyewe, akafungua fundo la kitenge chake lililokuwa na karanga.

"Sasa mshenga," alisema, "wakati unakandika, zungumza. Huyo kijana wenu yuko wapi leo?"

"Yuko mahali pa joto, shangazi."

"Anafanya nini?"

"Anasubiri."

"Wanajua kusubiri, wale. Wanakaa nyuma ya ng'ombe kutwa." Akatafuna. "Mimi sina ubaya naye. Simjui. Nimeona picha yake tu, amesimama na pikipiki, na pikipiki ndiyo iliyokuwa inatabasamu."

Nikaanza kummwagia sifa. Nikasema kijana ni mchapakazi, hana deni kwa mtu, pombe anainusa tu, kwao kila mwanamke ana nyumba yake ya bati na ng'ombe wa maziwa mlangoni, na zahanati iko karibu kiasi kwamba ukikohoa daktari anakuja na dawa. Mama alikuwa ananitazama akiacha udongo ukauke mkononi.

"Nyamaza," shangazi aliniambia, bila ukali. "Ahadi zako nimeshazisikia, zinajaza lori na tela. Mimi nilimbeba yule mtoto mgongoni mpaka mgongo ukachukua umbo lake. Najua mtu akiolewa mbali inakuwaje. Binti wa jirani yangu aliolewa mbali, akapata mimba, akajifungua huko kwa watu asiojua lugha yao ya kunong'onezana. Aliporudi alikuwa kwenye sanduku. Sasa mnakuja hapa na blanketi." Akatupa maganda. "Ningepata sababu moja tu ya kuikataza sherehe hii, ningeishika kwa mikono miwili."

Sababu ilikuwa nyuma ya udongo, karibu naye kuliko mimi nilivyokuwa. Mama aliangalia chini. Na hapo ndipo ukuta ulipoongea.

"Shangazi," ulisema.

Ilitoka nzito, imezungushwa na handaki mara kadhaa kabla ya kutufikia, sauti ya kilima chenye mafua. Karanga zilimdondoka shangazi. Mimi niliangalia angani, nikitafuta cha kusema, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikukipata.

"Nani huyo?" aliuliza shangazi.

"Mimi ndiye yule wa pikipiki."

Shangazi aligeuka polepole, akamtazama wifi yake. Nilimwona anahesabu kila kitu: radi, popo, mshenga mwenye udongo mpaka kwenye nyusi. Sababu yake ilikuwa imekuja yenyewe, imejifunga, imejiweka shimoni.

"Wifi. Umemwona huyu mtu?"

"Mimi?" alisema mama. "Naona ukuta. Wewe unaona nini?"

Shangazi akautazama ukuta. Ni mwanamke wa sheria, na sheria ilisema macho. Haikuwahi kusema masikio. Alikaa hivyo muda ambao mimi ningeweza kubadilisha tairi za lori zima. Angeweza kuubomoa ukuta ule kwa teke moja. Akavuta jiwe lake karibu zaidi.

"Basi vizuri," aliuambia udongo. "Nimekuwa nikikutafuta bila huyu mpiga zumari wenu. Humo ndani huwezi kukimbia. Nitakuuliza, na wewe utajibu."

"Uliza, shangazi."

"Zahanati iko karibu?"

"Hapana. Iko mbali. Masika barabara inakatika."

Nilifumba macho. Saa nzima ya kazi yangu ilikuwa imebomolewa kwa maneno machache.

"Nyumba ya bati?"

"Bati lipo upande mmoja. Upande wa pili naununua baada ya mavuno, Mungu akipenda."

"Umewahi kumpiga mwanamke?"

"Binti yenu amewahi kunipiga mimi. Kwa kijiko cha chai. Nilikuwa nimekosea."

Mama akaweka kitenge mdomoni. Shangazi hakucheka, ila alichelewa kidogo kuuliza lililofuata, na alipouliza sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nataka uzao wa kwanza auzalie hapa. Kwangu. Nikiwa namshika mimi."

Hilo nililijua ni gumu. Kwa baba yake rafiki yangu, mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa upande wa mume. Ni jambo ambalo mzee yule angeweza kulifungia mlango na mwanawe nje. Mshenga yeyote mwenye akili angesema "hakuna shida" kisha shida akaitafutia dawa mwaka wa mbele. Nikafungua mdomo. Shangazi akaninyooshea kidole chenye udongo, nikaufunga.

Ndani tulisikia gogo likilia, labda alikuwa ameketi juu ya reli.

"Baba atakataa," alisema rafiki yangu. "Nitagombana naye. Sijui nitashindaje, ila nitagombana. Atakuja kuzalia hapa. Na mimi nitakuja nikae nyuma ya nyumba, pale ambapo mama hapiti, mpaka niambiwe."

"Mpaka uambiwe nini?"

"Chochote, shangazi."

Shangazi aliinama, akachukua donge la udongo nililokuwa nimeliandaa, akalikanda kidogo vidoleni. Pale chini nilikuwa nimeacha ufa, kazi ya haraka, na ndimo sauti ya rafiki yangu ilimokuwa inatokea. Akauziba kwa kidole gumba, taratibu, akapitisha kiganja juu yake mara mbili mpaka pakawa laini.

"Umekandika vibaya, mshenga," alisema. "Joto la watu linapotea bure." Akasimama, akajikung'uta maganda. "Tukishavuka mgomba wa mwisho ule, mtoe. Na muzibe tena vizuri."

Wakaondoka, mama mbele, shangazi nyuma. Niliwangojea wavuke mgomba wa mwisho, nikangojea na mmoja zaidi kwa usalama, nikatoboa. Rafiki yangu alitoka akiwa amelowa jasho, macho mekundu, ananukia kama sherehe iliyokwisha kunywewa.

"Amesemaje?" aliniuliza.

"Amesema nimekandika vibaya."

"Ni hayo tu?"

"Ameziba ufa kwa mkono wake mwenyewe."

Alilitafakari hilo njia nzima, na mimi pia, maana mara hii hata mshenga hakuwa na tafsiri ya kuongezea chumvi. Kwenye kundi la wahitimu nilituma picha pekee niliyokuwa nayo, niliyoipiga tulipomaliza kuziba tena: ukuta wa udongo na majani. Yule mama wa kilemba akaandika kwamba hicho ni choo kinajengwa.

Jumamosi ya sherehe, pombe ilitoka nyepesi kidogo. Ndizi za karibu na mlango zilikuwa zimeiva upande mmoja tu, na wazee wawili watatu walilionja hilo wakatikisa vichwa, kisha wakaomba kuongezewa ili wawe na uhakika. Rafiki yangu aliitwa mbele. Baba yake alikuwa ameketi safu ya kwanza, hajui lolote bado. Mama alisimama ameinamisha uso, na rafiki yangu akalikunjua blanketi haraka haraka, akamwekea mabegani, upande wa ndani ukiwa nje. Mama akainua macho. Wakatazamana, polepole, mbele ya watu wote, na mama akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwamba anafurahi kumwona kwa mara ya kwanza.

Wageni wakapiga vigelegele. Shangazi akasogea kuligeuza blanketi likae sawa, maana hakuna mwingine ambaye angeliona kosa hilo haraka namna ile. Alipokuwa anavuta pindo upande wa rafiki yangu, nilikuwa karibu, nikamsikia.

"Mkunga ni jirani yangu," alimwambia. "Nimeshamwambia."